Alama ya Mtu wa Mkono wa Kushoto

Siku yangu ya tatu kwenye gereji ile ya Stafford, pembeni ya Houston, nilimkuta mpiga rangi amepiga magoti mbele ya gari, anachuruzisha rangi kwa makusudi. Mkono mmoja ulishika picha. Anaitazama picha, analitazama bati, halafu anagusa kwa ncha ya brashi na kuacha tone moja jeusi lishuke taratibu mpaka mahali fulani, kisha analizuia kwa kidole chenye glavu. Nikadhani amelewa. Kwetu Bukavu, fundi akichuruzisha rangi namna ile, mwenye gari anakuja na ndugu zake.

Nikamuuliza kwa Kiingereza changu cha kuunga-unga. Yeye ni mtu wa El Salvador na Kiingereza chake ni kama changu, kwa hiyo tunaelewana vizuri, hakuna anayemkimbiza mwenzake. Akanipa picha. Ilikuwa ya gari lilelile kabla halijafunguliwa, na palepale, chini ya kona ya kioo cha mbele, palikuwa na tone la rangi lililoganda zaidi ya miaka hamsini iliyopita, siku gari lilipotoka kiwandani. Mtu fulani alikuwa na haraka, rangi ikamchuruzika, akaiacha. Sasa huyu mwenzangu amepewa asubuhi nzima alirudishe lile tone, urefu uleule, upande uleule.

Niliketi juu ya ndoo. Nimeona mengi maishani, na mengi yake sikuomba kuyaona. Lakini hilo lilikuwa jipya: watu wazima wenye akili zao wanatunza kosa la mtu wasiyemjua.

Niseme mimi ni nani, msomaji asije akafikiri anamsoma mtu wa shule. Shule niliacha darasa la tatu, na aliyeniachisha ni mwalimu wa darasa hilo. Nilikuwa naandika kwa mkono wa kushoto. Yeye alisema ni mkono wa chooni, akawa anaufunga kwenye mguu wa dawati kwa kamba ya katani mpaka kengele ya mwisho. Siku kamba ilipokata ngozi nikaenda nyumbani na sikurudi. Nikaingia gereji ya kaka yangu, nikajifunza kushika spana kwa mkono wa kulia kama watu wengine, kwa sababu uoga wa kamba haukuisha.

Gereji hiyo nayo aliyeimaliza namjua. Ni jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, muuza mikate, aliyekula Noeli kwetu miaka yote. Askari walipokuja kutafuta magari, yeye ndiye aliyewaonyesha tulipoyaficha, na kaka yangu hakutoka humo. Mimi nilitokea dirishani. Kisha kambi ya wakimbizi ya Kigoma, miaka ambayo sitaki kuihesabu. Kisha Houston, ghala la kuku wa barafu, ambako msimamizi wa zamu aliondoa mtu wa pili kwenye mstari ili apate sifa kwa wakubwa wake, na bega langu la kulia likabeba kazi ya watu wawili mpaka likakataa. Majina yao ninayo. Hapa siyaandiki, lakini wakisoma watajijua.

Gereji hii ya Stafford niliipataje? Mke wangu anatunza wazee majumbani, na mama mmoja aliyemtunza alikuwa mama wa mwenye gereji. Mke wangu hana aibu. Alimwambia yule bwana kwamba ana mume nyumbani Alief, mtaa wetu wa Houston, anayeongea na injini kuliko anavyoongea na watu, aje amchukue. Bosi akanichukua kwa miezi mitatu ya kujaribiwa. Nikifaulu, ninabaki. Nikishindwa, kuna ghala la kuku.

Kazi ya mahali pale ni moja tu. Wanachukua yale magari ya zamani ya Kimarekani, ya milango miwili, yenye injini ya silinda nane na sauti kama radi iliyo mbali, na kuyarudisha yalivyotoka kiwandani. Si kuyafanya mazuri. Hapo ndipo nilipochelewa kuelewa. Sisi kwetu gari likija bovu linaondoka zima, na likiondoka zuri kuliko lilivyozaliwa, ndiyo sifa. Pale Stafford, ukilifanya zuri kuliko lilivyozaliwa umeliharibu. Bolti zina rangi yake. Bomba la maji lina herufi zake. Bati la chini ya sakafu wanalipaka ovyo, vumbi la rangi limetapakaa, kwa sababu kiwandani walilipaka ovyo. Nilipochomelea pembe moja ya sakafu, mshono laini kama wa cherehani, bosi aliutazama, akasifu kwa kichwa, halafu akaniambia niukate nirudie, kwa kuwa yule wa kiwandani alichomelea vibaya.

Nilirudia. Kuchomelea vibaya kama mtu mwingine ni kugumu. Lazima ujue alisimama wapi na alichoka saa ngapi.

Mwezi wangu wa pili pale likaingia gari la kijani, mali ya daktari wa meno wa Plano. Lilikaa kwenye banda la shamba miaka mingi, limefunikwa na uchafu mnene kama ugali uliokauka. Daktari alitaka kulipeleka kwenye maonyesho ya Dallas, ambako waamuzi hupita na tochi na karatasi na kukagua kila nati. Bosi alilizunguka gari, akanong'ona kama mtu aliye kanisani. Alisema uchafu ule ni dhahabu, kwamba chini yake alama za kiwandani zimelala hazijaguswa. Akasema Jumatatu tutaanza kuzipiga picha, moja moja, kabla ya jambo lolote.

Mimi nilisikia Jumatatu. Sikusikia picha. Au nilisikia nikachukulia kwamba picha ni za kumpelekea daktari aone gari lake.

Jumamosi nikafika peke yangu. Bosi alikuwa amenipa ufunguo nikafagie. Nikafagia, na lile gari likawa linanitazama na uchafu wake. Kwa kaka yangu, jambo la kwanza gari la mteja likiingia ni kuliosha mpaka ndani ya boneti. Kuanza kazi kwenye gari chafu ilikuwa ni kumtukana mwenye gari, na kaka aliwahi kumfukuza mtu kwa hilo. Nikachukua dawa ya kuyeyusha grisi, nikachukua mashine ya maji ya kasi, nikafungua boneti. Nilifurahi, nisiseme uongo. Nilikuwa nafikiria sura ya bosi Jumatatu.

Nyuma ya injini kuna ukuta wa bati unaotenga moto na miguu ya dereva. Dawa ilipoteremka pale, uchafu ukafunguka kama pazia, na kwenye rangi nyeusi ikatokea alama ya manjano, ya chaki ya mafuta. Kubwa kama kiganja. Ilifanana na saba iliyochoka kusimama, ikiinama, na mstari wake wa juu ulianza mnene upande wa kulia, ukaisha kama uzi upande wa kushoto. Niliiona wazi kabisa. Nikajua jambo moja papo hapo, kabla ya kujua chochote kingine: aliyeiandika alitumia mkono wangu. Mtu wa mkono wa kulia huuvuta mstari kwenda kulia. Huyu aliuvuta kwenda kushoto, kama nilivyokuwa nauvuta mimi kabla ya kamba.

Nikasimama nimeganda. Lakini dawa haikusimama. Ile alama ikaanza kulegea, ikawa maziwa, ikateremka na kuingia kwenye mfereji wa sakafuni. Nilifunga maji. Nilichukua kitambaa nikagusa kwa upole, na kitambaa kikachukua kilichobaki.

Jumatatu bosi alifungua boneti. Bati lilikuwa safi kama sahani ya wageni. Kisha akauliza ni nani. Mpiga rangi ndiye aliyekuwa akipenda ile mashine ya maji, kila mtu alijua, hata viatu vyake aliviosha nayo. Bosi akamgeukia yeye. Mpiga rangi akaapa kwa mama yake kwamba Jumamosi alikuwa kwenye ubatizo wa mpwa wake. Bosi hakuonekana kuamini. Na mimi nilikuwa nimesimama pale na spana, mdomo umefungwa, nikimwacha mwenzangu atafute mashahidi wa ubatizo.

Nilinyamaza Jumatatu nzima. Nyumbani nikamweleza mke wangu yote, nikamalizia kwa kulaumu. Nililaumu bosi kwa kutoeleza vizuri, nikalaumu wenye kiwanda cha dawa, nikalaumu Kiingereza. Yeye alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, mezani. Hakuinua kichwa.

"Papa Mapasa," akasema, ndivyo anavyoniita tangu tupate mapacha, "wewe unawajua wenye makosa wote toka Bukavu mpaka Alief. Huyu wa Jumamosi tu ndiye hujamjua?"

Binti yetu alicheka sebuleni, akamwambia pacha wake kitu kwa Kiingereza, nao wakacheka wote wawili. Sikuuliza wamesema nini.

Jumanne nilimwambia bosi mbele ya mpiga rangi, ili asikie. Nilisema ni mimi, niliosha, kwetu ndivyo tunavyoanza. Mpiga rangi alinitazama kwa jicho ambalo nalistahili mpaka leo. Bosi akampigia daktari simu hapohapo, na hata mimi niliyesimama mbali niliisikia sauti ya daktari. Walikubaliana hivi: gari litengenezwe, alama ichorwe upya, lipelekwe Dallas, na waamuzi wakiandika kwamba alama ya ukuta ule ni ya uongo, daktari anahamisha magari yake yote kwenda gereji nyingine. Bosi hakuhitaji kunieleza mimi nitahamia wapi.

"Uliiona?" akaniuliza.

"Niliiona."

"Unaikumbuka?"

Nikamchorea kwenye kadibodi. Aliitazama, akaitazama tena, akasema hajawahi kuona ya namna hiyo kwenye kitabu chochote, labda nimeibuni. Kisha akanipa anwani ya mzee mmoja wa Fort Worth aliyefanya kazi kwenye kiwanda kilichokuwa kikiunda magari hayo, katikati ya Dallas na Fort Worth. Akasema watu wa magari humwendea wakikwama.

Niliendesha Jumapili baada ya ibada ya kwanza, saa nne na zaidi za barabara iliyonyooka, na kadibodi imelala kiti cha abiria kama mgonjwa. Mzee alikuwa barazani kwenye kiti cha magurudumu, mtu mweusi mwembamba mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Binti yake alinipa chai ya barafu. Nilimweleza mzee kosa langu tangu mwanzo, maana nilikuwa nimeshachoka kulificha. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema ameshaletewa watu waliopoteza bolti, waliopoteza injini, lakini aliyeosha kwa heshima ndiye wa kwanza.

Nikamwambia ule mstari ulitoka kulia kwenda kushoto. Sikuwa nimetoa kadibodi bado. Akaacha kucheka.

"Huyo namjua," akasema. "Alisimama baada yangu. Mimi nakaza, yeye anakagua. Tulikuwa hatukai naye meza moja wakati wa chakula, kile kiwiko chake cha kushoto kilimwaga supu za watu."

Nikamuuliza ile alama ilisema nini. Akasema haikuwa herufi wala namba. Kila mkaguzi alikuwa na ya kwake, na zote zilisema jambo moja: nimeangalia, iko sawa. Huyo mwenzake alikwisha kufa zamani. Hakuacha mtoto. Mzee alisema hajui kama kuna picha yake mahali popote.

Nikawa nimeketi pale na glasi inayovuja jasho, nikafikiri juu ya mtu huyo. Amepita duniani, na maandishi yake pekee yalikuwa ndani ya magari, chini ya uchafu, na katika hayo moja nililiosha mimi. 

Nikatoa kadibodi. Mzee akaishika mbali na macho, akatikisa kichwa.

"Umbo ni lake. Lakini umeiandika umesimama. Pale hakuna aliyesimama."

Akanieleza. Gari linasogea, mtu anasogea nalo, nyuma kuna jingine. Mkono unaandika wakati miguu imeshaanza safari ya kwenda kwenye gari linalofuata. Ndiyo maana mstari uliisha kama uzi: mwenyewe alikuwa ameshaondoka. Akauinua mkono wake wa kulia, akasema huu si wenyewe, akauinua wa kushoto, akakata hewa mara moja, nusu sekunde, huku mwili wake wote ukiinamia upande kama anayetaka kutoka kwenye kile kiti. Niliiona alama hewani. Nasema kweli, niliiona.

Nikarudi Houston nikaanza kujifunza kutembea. Bosi alinipa mlango mbovu wenye rangi ileile nyeusi isiyong'aa, nikauegemeza ukutani. Baada ya kazi napita mbele yake na chaki ya manjano, napita tena, na tena. Kwa mkono wa kulia ilikuja kama kazi ya mtoto anayeogopa mwalimu. Mstari ulitetemeka, ukasimama mahali pa kusimama, ukawa na adabu. Mpiga rangi, ambaye alikuwa bado hajanisamehe, alikaa juu ya ndoo yangu akila.

"Unatembea kama bwana harusi," akasema. "Yule alikuwa anataka kwenda nyumbani."

Hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwangu baada ya wiki mbili, na nililipokea.

Siku ya tano nikaihamisha chaki. Sijui kama naweza kueleza. Tangu ile kamba, mkono wangu wa kushoto nilikuwa nautumia kushikilia vitu ili wa kulia ufanye kazi. Nilipouinua mbele ya ule mlango shingo yangu yenyewe iliingia mabegani, mtu mzima wa zaidi ya miaka hamsini, ikingoja fimbo. Nikapita mara ya kwanza bila kugusa. Nikapita mara ya pili. Mara ya tatu niliufikiria mlango unaofuata, ambao haukuwepo, nikaukimbilia, na mkono ukafanya wake njiani. Sikugeuka. Nilisikia mpiga rangi ameacha kutafuna.

Nilipogeuka, yule mtu alikuwa pale mlangoni. Mnene kulia, uzi kushoto, anainama, ana haraka.

Kwenye gari lenyewe nilikuwa na nafasi moja, kwa sababu rangi ile ukiifuta inabaki na doa linalong'aa ambalo mwamuzi hulikamata kwa tochi. Bosi alitaka kuwepo, kisha akasema hawezi kutazama, akatoka nje. Mimi nilianzia mbali, karibu na kompresa, nikatembea kama nina magari mengine mia ya kuyaangalia kabla ya kengele, nikapita, nikatoka mpaka mlangoni alipokuwa bosi, na chaki mkononi.  Akaingia kuangalia. Alikaa humo ndani muda, akarudi, akanipokonya chaki kama mtu anayempokonya mwenzake kisu, akaitia mfukoni.

Maonyesho ya Dallas yalikuwa kwenye ukumbi mkubwa unaoweza kumeza nusu ya Alief. Magari yamepangwa kwa mistari, boneti wazi, na watu wanayapita kwa sauti ndogo. Waamuzi walikuwa wawili. Walilifikia gari la kijani, wakainama, tochi ikaenda kwenye betri, ikaenda kwenye mabomba, ikaufikia ule ukuta. Ikasimama pale. Nikasikia bega langu la kulia, lile la ghala la kuku, likiuma. Mmoja akamgusa mwenzake kwa kiwiko, wakasogea karibu wote wawili, wakaiangalia kwa muda ambao sitausahau, kisha tochi ikaendelea na safari yake na kalamu haikuandika kitu. Pointi tulizopoteza siku ile zilikuwa za kibano cha bomba la maji, ambacho hakikuwa cha mwaka wa gari lile. Aliyekifunga ni bosi mwenyewe. Namtaja.

Saa nane mchana binti wa Fort Worth alimleta baba yake. Bosi ndiye aliyemwalika, hakuniambia. Daktari wa meno alisogeza kamba ya kuzuia watu ili wapite, na kile kiti cha magurudumu kikaletwa mpaka ubavuni mwa injini. Mzee aliomba ainuliwe. Mimi nikashika kwapa la huku, bosi la huku. Alikuwa mwepesi kuliko tairi. Aliinama juu ya injini, akaitazama alama, na mkono wake mkubwa ukaenda pale ukasimama bila kugusa, kama anayepima joto la jiko.

"Bado ana haraka," akasema. "Tazama. Hakungoja hata tumwite."

 Daktari wa meno, aliyekuwa amempigia bosi kelele kwenye simu kwa ajili yangu, alivua kofia. Mimi nilikuwa nimemshika mzee kwa mkono wa kushoto na sikutaka kumwachia.

Watu wa kanisa letu wameniambia niandike kwamba gari lile lilinifundisha kusamehe. Halikunifundisha. Yule mwalimu simsamehe, na muuza mikate ajibu kwa Mungu, si kwangu. Nilijaribu pia kuyaandika haya kwa mkono wa kushoto, na herufi hazikuja. Mkono ule unajua ile alama moja tu.

Tulirudi Houston jioni hiyo na gari limefungwa kwenye trela nyuma yetu. Tulipita Corsicana. Kisha bosi, macho barabarani, akaniambia Jumatatu linaingia jingine, jekundu, limetoka bandani na tope lake lote.

"Usiliguse na maji," akasema.

Jumatatu nilifika kabla yake, nikaingia kwa ufunguo wangu. Gari lilikuwa limeshaletwa, limegeuzwa nyuma-mbele kwenye trela, chafu kama la kijani lilivyokuwa, na boneti yake imekaza. Sikuigusa. Niliweka ndoo chini, nikatoa simu, nikaanza kupiga picha kutoka taa ya nyuma, sentimita kwa sentimita, na bosi alipofungua geti nilikuwa bado sijafika mlango wa dereva.